Kuhesabu Wasafiri wa Kigoma na Ujiji

Ujiji uko kilomita chache kusini ya stesheni ya reli ya Kigoma. Baadhi ya watu huenda huko kwa miguu au kwa baiskeli. Nguvu zao hutoka katika chakula, kama vile ugali na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wengine hupanda daladala, pikipiki au motokaa. Injini za vyombo hivi huunguza mafuta ili zipate nguvu, nazo hutoa moshi na hewa ya ukaa.

Je, ni chombo kipi kinachotumia mafuta mengi? Usijibu haraka. Tuseme motokaa yenye mtu 1 imetumia lita 1, na daladala yenye watu 20 imetumia lita 2 kwa safari hiyo hiyo. Gawanya. Fungu la kila mtu katika daladala ni sehemu moja ya kumi ya lita. Lakini daladala hiyo ikichukua watu 2 tu, kila mmoja wao ametumia lita nzima, sawasawa na yule wa motokaa! Ndiyo sababu mchunguzi wa usafiri huhesabu watu, si magari peke yake.

Fanyeni uchunguzi huo pamoja na mwalimu wenu, mkisimama mbali na ukingo wa barabara. Hesabuni kwa nusu saa asubuhi, na tena adhuhuri, kwani daladala iliyojaa asubuhi huenda ikapita karibu tupu wakati wa jua kali. Wahesabuni pia waendao kwa miguu; hao husahauliwa mara nyingi.