Nyimbo za watu wawili zilizomfungulia Dvořák mlango

Wanawake wawili, piano moja, hakuna kipaza sauti. Ndivyo zinavyoimbwa hadi leo nyimbo za Moravia za mtungaji Mcheki Antonín Dvořák, katika matamasha ya muziki wa klasiki. Mwenye kuzisikia mara ya kwanza hudhani ni nyimbo za zamani za kijijini. Hapana, ni maneno tu yaliyotoka kijijini.

Katika miaka ya 1870, Dvořák alikuwa mpiga kinanda kanisani mjini Prague, kwa mshahara mdogo. Ili kulisha jamaa yake, alifundisha piano nyumbani kwa mfanyabiashara Jan Neff. Bwana huyo na mkewe walipenda kuimba pamoja na mlezi wa watoto wao. Walimletea mwalimu nyimbo zilizokusanywa na padri František Sušil, wakamuomba aongeze sauti ya pili na piano. Dvořák alikataa. Alichukua maneno, muziki akautunga mwenyewe.

Mwaka wa 1876 zilikuwa tayari nyimbo 13 za soprano na alto. Waimbaji wa korali wanajua ugumu uko wapi: hapa hakuna mwenzako wa kujificha nyuma yake. Alto akishuka kidogo tu, ukumbi mzima unasikia.

Neff alizichapisha kwa pesa yake. Dvořák akazituma Vienna alipoomba tena msaada ambao serikali ya Austria, iliyotawala Wacheki wakati huo, iliwapa wasanii maskini. Mmoja wa waamuzi alikuwa Johannes Brahms.

Mwaka wa 1877 ulikuwa mchungu. Kati ya Agosti na Septemba Dvořák na mkewe walizika watoto wawili. Wa kwanza walikuwa wamekwisha kumpoteza miaka miwili mbele. Desemba hiyo hiyo, Brahms alimuandikia mchapishaji Simrock wa Berlin, akimsifia nyimbo hizo.

Simrock alizitoa mwaka wa 1878, akaagiza pia Ngoma za Kislavoni za piano. Kwa ngoma hizo alilipa mark 300, bei ndogo sana ukitazama faida aliyoipata. Novemba, mchambuzi Louis Ehlert alizisifu kazi zote mbili katika gazeti la Berlin, na watu wakakimbilia maduka ya muziki.

Simrock aliziuza zikiwa na maneno ya Kijerumani. Siku hizi waimbaji wengi wanarudi kwenye Kicheki, ijapokuwa konsonanti zake zinachosha ulimi.