Boda za alfajiri Mutomo: Umefunika kifua sawa, je vidole?

Ukimwambia mtu wa Limuru kwamba Mutomo kuna baridi, atakucheka hadi akohoe. Huku kusini mwa Kitui tunajulikana kwa jua, vumbi, ndengu na punda wa kubeba mitungi ya maji. Lakini mtu huyo hajawahi kukalia bodaboda saa kumi na nusu alfajiri, mwezi wa Julai, akikimbizana na basi la Mombasa pale Kibwezi. Akishuka, kicheko kitakuwa kimeisha.

Baridi ya pikipiki si ile ya kukaa nje ya nyumba. Mwili wako hupasha joto hewa kidogo inayougusa, na hewa hiyo inakuwa kama blanketi. Ukitulia, inatulia nawe. Ukienda kasi, upepo unaipokonya, mwili unapasha nyingine, nayo inapokonywa. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada wana hesabu yao waliyoanza kuitumia mwaka 2001: hewa ikiwa nyuzi 10 za Selsiasi na upepo unakupiga kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama ni nyuzi 5. Hata asubuhi isiyo kali hivyo, kanuni ni ile ile: mwendo wako ndio upepo wako.

Zamani barabara ya Kitui–Mutomo–Kibwezi ilipokuwa ya vumbi, mashimo yalikulazimisha uende mdogo mdogo. Sasa ni lami. Lami ilileta mwendo, na mwendo ukaleta baridi.

Waangalie wahudumu wa boda asubuhi. Karibu kila mmoja amefunga kifua: kabuti, sweta mbili, wengine wameweka kipande cha katoni ndani ya jaketi. Ukiwauliza watakwambia wanaogopa nimonia. Ukweli ni kwamba nimonia huletwa na viini, si upepo peke yake. Kufunika kifua ni jambo zuri, ila tazama mikono ya msee huyo huyo. Iko wazi kabisa.

Hapo ndipo pana noma. Breki ya mbele iko mkono wa kulia, klachi mkono wa kushoto. Vidole vikifa ganzi, havishiki haraka. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakula zaidi ya mita 16 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu, umeshapita mita 8 na bado hujaanza kufunga breki. Punda akikatiza barabara gizani, hizo mita 8 ndizo zinazoamua kama utafika au utaishia hospitali.

Kwa hivyo vaa hivi. Hutahitaji duka la bei mbaya, mtumba unatosha.

Anza na nguo ya ndani isiyoshika jasho. Fulana ya pamba ikilowa hubaki baridi mgongoni. Ile jezi yako ya mpira ya poliesta hukauka haraka, ivae ndani. Juu yake weka sweta ya kushika joto. Nje kabisa vaa jaketi lisilopitisha upepo, la nailoni au ngozi, lenye zipu ya kufika shingoni. Sweta tatu bila jaketi la kuzuia upepo ni kama nyumba yenye mablanketi mengi na mlango wazi.

Huna jaketi kama hilo? Chukua gazeti la jana, likunje, uliweke kifuani kati ya sweta na jaketi. Si ushamba. Waendesha baiskeli wa Tour de France walikuwa wakipokea magazeti juu ya milima na kuyaingiza ndani ya jezi kabla ya kuteremka.

Ukipata joto kifuani, umesaidia vidole pia. Mwili ukiona baridi, hulinda moyo na mapafu kwanza na kupunguza damu inayoenda mikononi na miguuni. Vidole ni kama watoto wadogo mezani, hupakuliwa mwisho. Lakini kupakuliwa pekee hakutoshi: vaa glavu. Najua utasema glavu zinakuzuia kuhesabu chenji na kubonyeza simu. Basi tafuta ile mifuko mikubwa inayofungwa kwenye usukani. Mkono unaingia na kutoka bila kuvua chochote. Kabla ya kung'oa nanga, hakikisha unafikia breki na klachi vizuri.

Kichwani, boshori jembamba chini ya helmeti, si lile nene linalofanya helmeti icheze. Miguuni, soksi na viatu vilivyofungwa. Patipati ziache nyumbani. Na reflekta ivaliwe juu ya kila kitu. Kuificha chini ya kabuti gizani ni sawa na kutokuwa nayo.

Halafu kuna leso na shuka. Kule Lesotho kwenye milima yenye theluji, waendesha farasi hujifunika blanketi zito na kulibana kwa pini ili upepo usilichukue. Iga hiyo kubana. Farasi hana cheni wala spoku, pikipiki inazo. Ncha ya leso ikishuka hadi kwenye gurudumu, inakuvuta chini kabla hujapiga kelele. Dada uliyembeba mtoto, hakikisha ncha zote umezikalia au umezifunga, na uso wa mtoto uwe wazi apumue. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko wewe. Na usichukulie kimya chake kama usingizi kila mara, mkague njiani.

Kuna tiba mbili za uongo. Ya kwanza ni kuonja kaluvu au kitu kikali "kupasha damu". Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, unahisi moto huku joto la ndani likikuvuja, na macho yanakuwa mazito. Ya pili ni kupasha mikono kwenye bomba la moshi. Utaungua bila kujua, maana vidole vyenye ganzi havisikii.

Kipimo rahisi ni hiki: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Ukishindwa, au kikienda kwa shida, egesha pembeni. Tia mikono kwapani dakika chache, kunywa chai moto ukipata kibanda kilicho wazi, kisha jipime tena.

Na wewe abiria, usijifanye haikuhusu kwa sababu umejificha nyuma ya mgongo wa mwenzako. Lipa kabla ya safari ili asivue glavu barabarani. Ukimwona anatikisa mikono au anabadilisha gia kwa kusuasua, mwambie asimame. Basi likikuacha, kuna lingine litakalopita. Wewe na huyo jamaa mnategemea vidole kumi, na vyote ni vyake.