Vijana wa Klabu za Ulaya na Kombe Lao

Klabu kubwa za Ulaya tunazijua sote kwa majina. Hata mtoto wa darasa la pili atakutajia Barcelona, Real Madrid na Chelsea, na pengine fulana yake ina jina la mchezaji mgongoni. Lakini kila klabu ya namna hiyo ina timu nyingine ambazo hatuzisikii sana. Ni timu za vijana. Vijana hao nao wana kombe lao. Leo tunataka kueleza kombe hilo, halafu tuseme jambo linalowahusu wazazi: mtoto anafikaje huko, na ni nani mwenye ruhusa ya kumpeleka.

Kwanza tuanze na neno akademi. Hapa maana yake ni chuo cha mpira cha klabu. Mtoto huingia akiwa mdogo. Anasoma shule kama wenzake, na baada ya masomo anafundishwa mpira. Wanaotoka mbali hulala bwenini. Chuo cha Barcelona kinaitwa La Masia. Katika lugha ya watu wa kule, yaani Kikatalani, masia ni nyumba ya shambani. Na kweli ilikuwa nyumba ya shamba, ya mwaka 1702, jirani na uwanja wa klabu. Mwaka 1979 klabu ikaifanya bweni la vijana. Mwaka 2011 vijana walihamia jengo jipya, lakini jina wakaondoka nalo. Lionel Messi alijiunga na chuo hicho akiwa na miaka 13, akitokea Argentina.

Lakini wangapi wanakuwa Messi? Katika kundi zima la vijana wa umri mmoja, huenda wakatoka wawili watatu wa kucheza timu kubwa. Mwaka mwingine hatoki hata mmoja. Ndiyo maana vyuo vilivyo vizuri vinakazania shule. Yule atakayeambiwa "basi, nenda nyumbani" lazima awe na kitu kingine mkononi.

Sasa kombe lenyewe. Linaitwa Ligi ya Vijana ya UEFA. UEFA ni shirikisho la mpira la Ulaya. Mashindano yalianza mwaka 2013, na fainali ya kwanza ikachezwa mwaka 2014. Wachezaji ni wa umri usiozidi miaka 19, ingawa wachache waliozidi kidogo huruhusiwa. Kuna milango miwili ya kuingilia. Mlango wa kwanza ni wa klabu zilizoingia Ligi ya Mabingwa, ile ya wakubwa. Wakubwa wa klabu mbili wanapokutana, vijana wao nao hukutana, mara nyingi siku hiyo hiyo mchana, wakubwa wakicheza usiku. Hivyo kijana anajifunza mapema kusafiri, kulala ugenini na kuzomewa na watu asiowajua.

Mlango wa pili ulifunguliwa mwaka 2015. Huu ni wa timu za vijana zilizo bingwa katika nchi zao, hata kama wakubwa wao hawamo katika Ligi ya Mabingwa. Sisi tunaupenda mlango huu. Mwaka 2023 walipitia hapo vijana wa AZ, klabu ya Alkmaar, mji wa Uholanzi unaojulikana kwa soko lake la jibini. Waliifunga Barcelona mabao 3 kwa 0, wakaifunga Real Madrid 4 kwa 0, na katika fainali wakaifunga Hajduk Split ya Kroatia 5 kwa 0. Pesa za klabu hizo mbili za Hispania na za AZ ni kama tembo na sungura, lakini kwa vijana sungura aliwashinda wote wawili.

Kwa mlango huo huo waliingia vijana wa Salzburg ya Austria, wakachukua kombe mwaka 2017. Katika fainali Benfica ya Ureno walitangulia kufunga. Bao la kusawazisha lilifungwa na kijana wa jirani zetu wa Zambia, Patson Daka. Mwenzake akaongeza la pili, mchezo ukaisha 2 kwa 1. Daka alitoka klabu ya Kafue Celtic. Alizaliwa Oktoba 1998, akaenda Austria Januari 2017. Hebu hesabuni: alikuwa ameshatimiza miaka 18. Hilo halikutokea kwa bahati. Ni sheria.

Sheria hiyo ni ya FIFA, shirikisho la mpira la dunia, na imekuwepo tangu 2001. Inasema mchezaji hawezi kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18. Ruhusa za pembeni zipo, ila ni chache. Mojawapo ni pale wazazi wanapohamia nchi hiyo kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Nyingine ni kwa wanaoishi jirani kabisa na mpaka. Na ndani ya Umoja wa Ulaya, vijana wa nchi za huko wanaweza kuhama wakiwa na miaka 16.

Msidhani sheria hii ni ya kuwatisha wadogo tu. Aprili 2014 FIFA iliihukumu Barcelona kwa kusajili watoto wa kigeni kinyume cha sheria. Kesi ilihusu watoto kumi. Siku kumi na mbili baadaye, vijana wa klabu hiyo hiyo wakashinda fainali ya kwanza ya kombe hili, 3 kwa 0, dhidi ya Benfica! Klabu ilikata rufaa, ikashindwa. Ilitozwa faini, na mwaka mzima wa 2015 haikuweza kusajili mchezaji mpya wa kuchezeshwa. Lakini baadhi ya watoto nao waliumia. Walikuwa wameshafika, wameacha kwao, halafu wakazuiwa kucheza mechi za mashindano mpaka watimize miaka 18.

Basi akija mtu kijijini akasema, "Mzee, mwanao wa miaka 14 ana kipaji, toa hela ya pasi na nauli nimpeleke akademi ya Ulaya," mnajua la kumjibu. Katika nchi nyingi za Afrika wazazi wameuza mifugo na mashamba kwa maneno kama hayo, na mtoto akaachwa mjini kwa watu, peke yake. Klabu inayomtaka kijana kwa kweli, yenyewe ndiyo hutoa pesa.

Tena sheria hiyo ya mpira inasema hata klabu iliyomlea mchezaji ina haki yake. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa, yaani shilingi 5 katika kila shilingi 100. Hugawiwa klabu zote alizozichezea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Chukueni kalamu. Tuseme ameuzwa shilingi 100,000,000. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, klabu iliyokuwa naye hupata shilingi 250,000. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, hupata shilingi 500,000. Klabu iliyomlea miaka minne ya mwanzo itapata shilingi ngapi? Ni 250,000 mara 4, yaani 1,000,000. Na akiuzwa tena, inapata tena, hata akiwa na miaka 28.

Hela hiyo hufuata maandishi. Klabu lazima iwe mwanachama wa chama cha mpira, na mtoto awe ameandikishwa kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, msimu baada ya msimu. Timu inayocheza kila jioni bila daftari haina cha kudai.