Muziki nyumbani bila kugusa fedha ya mbolea

Mavuno ya mahindi yanapopamba moto katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Mei na Julai, fedha huingia haraka na hutoka haraka. Mkulima wa Laela, Mpui au Namanyere aliyeuza magunia yake asubuhi, jioni anaweza kuonekana mjini Sumbawanga akichagua muziki wa nyumbani: spika mbili na amplifaya ya kuziendesha.

Tamaa hiyo si mbaya. Familia iliyoshika jembe tangu Novemba inastahili kusikiliza taarifa ya habari, kwaya na dansi bila redio kukoroma. Tatizo ni kwamba fedha ya muziki na fedha ya mbolea hutoka katika gunia lile lile. Kwa sababu hiyo, ni vyema mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye hana uwezo wa kununua muziki mkubwa sasa akaanza na muziki wa muda, wa bei nafuu, ambao hautakuwa hasara siku atakaponunua ulio bora.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gunia likiwa Sh50,000 mwezi Juni, muziki wa Sh400,000 ni magunia manane. Bei ikipanda hadi Sh70,000 mwezi Januari, magunia hayo yangeleta Sh560,000. Muziki wa kuanzia wa Sh150,000 ungegharimu magunia matatu tu, na matano yangebaki ghalani.

Hata hivyo, kusubiri nako kuna hatari zake. Dumuzi hula mahindi yasiyohifadhiwa vizuri, na bei haipandi kila mwaka. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, wengi waliokuwa wakisubiri bei nzuri walikuta bei imeshuka. Jambo la uhakika ni kwamba Novemba itafika na mbolea itahitajika. Hata chini ya mpango wa ruzuku ulioanza msimu wa 2022/2023, mkulima bado hulipa sehemu yake. Fedha hiyo itengwe kwanza, ndipo mazungumzo ya spika yaanze.

Wati za kwenye boksi

Mnunuzi wengi huanza kwa kutazama wati zilizoandikwa kwenye boksi. Hapo ndipo hudanganyika. Maandishi ya PMPO, ambayo huweza kufikia maelfu ya wati, hayaonyeshi nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa muda mrefu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni wati za RMS. Kama hazikuandikwa, geuza kifaa usome nyuma kinatumia wati ngapi za umeme. Amplifaya haiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayopokea ukutani. Sabufa iliyoandikwa wati 3,000 mbele na wati 60 nyuma ni ya wati 60, tena sehemu ya hizo hupotea kama joto.

Kwa sebule ya kawaida, wati 20 hadi 30 za RMS kwa kila spika zinatosha. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushangaa. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, nguvu huhitaji kuongezwa takriban mara kumi. Kwa hiyo, spika yenye desibeli 90 kwa wati moja ni nafuu kuendesha kuliko yenye desibeli 87, kwa kuwa hii ya pili inahitaji wati mbili kufikia sauti ile ile.

Kipi kibaki, kipi kiondoke

Sabufa iliyounganishwa na amplifaya yake ina faida: ni rahisi, ina redio na sehemu ya kuchomeka flashi, na haihitaji ujuzi. Lakini amplifaya ya ndani ikiungua, mara nyingi seti nzima hukaa kimya hadi fundi apatikane.

Mwenye nia ya kununua muziki bora baadaye angefanya vyema kutafuta spika mbili zinazojitegemea, zenye sehemu za kubana waya na alama ya omu 8, pamoja na amplifaya ndogo. Sehemu kubwa ya fedha iende kwenye spika, maana spika nzuri itatumika hata na amplifaya ijayo. Amplifaya ya muda inaweza kuuzwa, au kuhamia kwenye saluni au mgahawa.

Spika za mtumba zisinunuliwe kwa macho peke yake. Ondoa kitambaa cha mbele utazame ukingo wa koni. Ukingo wa sponji huoza kwa miaka na kumomonyoka, ilhali wa mpira au kitambaa hudumu zaidi. Bonyeza koni taratibu kwa vidole pande zote mbili: ikikwaruza, koili imeharibika. Kwa mita ya fundi, spika ya omu 8 huonyesha takriban 6. Isipoonyesha kitu, waya wa ndani huenda umekatika. Mwisho, sikiliza kila spika peke yake kwa sauti ndogo, kisha ya wastani.

Kwa amplifaya ya mtumba, soma volti kabla ya kitu kingine chochote. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, na ya Marekani ni ya volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230, itaungua. Aidha, hakikisha omu za spika si pungufu ya kiwango kilichoandikwa nyuma ya amplifaya. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye tundu moja huwa omu 4, na amplifaya isiyostahimili hilo hupata moto.

Umeme na sola

Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na umeme ulionunuliwa Zambia kupitia Mbala. Wakazi wake wanajua vizuri umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kulinda umeme ni sehemu ya bajeti ya muziki, wala si pambo. Umeme ukikatika, chomoa plagi.

Vijijini ambako nyumba nyingi hutumia sola, amplifaya ya gari ya volti 12 huepusha gharama ya inveta. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ili idumu, itumike nusu tu, yaani 300. Amplifaya inayotumia wati 30 itacheza saa 10. Fyuzi iwekwe karibu na betri, kwani waya ukigusana bila fyuzi unaweza kuwasha moto.

Maboresho ya bure

Kabla ya kuongeza fedha, jaribu kupanga chumba. Nyumba ya bati na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Mkeka, mapazia na blanketi ukutani huupunguza. Spika ikisogezwa karibu na kona, besi huongezeka bila senti. Amplifaya iachiwe nafasi ya kupumua, na ifunikwe dhidi ya vumbi la kiangazi ikiwa imezimwa tu. Mwenye mahindi ndani ya nyumba akumbuke pia panya, ambao hutafuna waya.

Amplifaya ndogo isilazimishwe kufikia mwisho wake. Sauti ikianza kupasuka, punguza. Mara nyingi twita huungua kwa sababu ya amplifaya iliyozidiwa, si kwa sababu ya iliyo na nguvu nyingi.

Mwaka ukipita na ghala likauzwa vizuri, amplifaya bora itaungana na spika zile zile. Mwaka ukiwa mbaya, muziki wa kuanzia utaendelea kulia, na shamba litakuwa limepata mbolea yake.