Kabla Hujamwaga Mkwanja wa Windows

Boom likisoma tu, wana wa SAUT pale Malimbe wanashuka tauni kusaka laptop. Zinazotembea ni za mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude, zile zilizokula chumvi kwenye ofisi za ng'ambo. Mzigo unatua geto, halafu siku moja kwenye kona ya kioo yanaibuka maandishi ya kijivu: Activate Windows. Unamrudia fundi, naye anakucheki viatu kwanza, ndipo anataja bei ya "kuwasha".

Kausha kwanza, mwanangu. Mashine nyingi za aina hiyo zilitoka kiwandani na leseni zake halali. Tangu ije Windows 8 mwaka 2012, watengenezaji huipachika namba ya leseni ndani ya madabodi. Ukiingiza toleo lilelile lililokuja na mashine, ukaunga bando, mara nyingi Windows inajiwasha yenyewe na hudaiwi hata jero. Msala ni pale unapochomekewa Pro wakati madabodi inaitambua Home. Hapo haikubali, na wajanja wanapigia pesa hapohapo.

Unataka kujua kama umepigwa? Fungua Command Prompt, andika slmgr /xpr, gonga Enter. Ikikutajia tarehe ya kuisha, umebambikiwa leseni ya makampuni, ile wanayoiita KMS. Hiyo hudumu siku 180, halafu lazima ithibitishwe tena na seva ya kampuni. Wewe kampuni yako iko wapi, chini ya kitanda? Wanachofanya ni kuidanganya Windows kwa programu kama KMSPico, na kabla ya hapo wanakwambia uzime antivirus. Mwaka 2021 watafiti wa Red Canary walikuta watu wanapakua KMSPico feki iliyobeba CryptBot, dude linalokomba nywila zote ulizohifadhi kwenye brauza. Rahisi ya namna hiyo mimi siitaki.

Kununua dukani kwa Microsoft nako ni noma: Windows 11 Home imekuwa ikiuzwa dola 139, yaani laki tatu na ushee. Hiyo ni kodi ya geto ya miezi kadhaa. Na kama shida yako ni Word na Excel tu, waulize watu wa TEHAMA chuoni kwanza, maana chuo kikiwa kimejisajili Microsoft, barua pepe ya mwanafunzi inakupa zile za mtandaoni bure.

Ila kuna jingine. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na ule muda wa nyongeza kwa watu binafsi unakomea Oktoba 2026. Windows 11 nayo, kwa mashine za Intel, inadai prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6. Imeachwa kwenye mataa.

Kwa mashine hiyo, weka Linux Mint. Ni ya bure, halali, na RAM ya GB 4 inaitosha. LibreOffice inafungua kazi zako za Word, na kwa takwimu za utafiti kuna jamovi na PSPP, zote dezo. Kama unaedit video kwa Premiere, hapo baki na Windows tu.

Na kama bado hujanunua, komaa na kizazi cha 8. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, uandike slmgr /xpr hapohapo dukani. Akianza kujiumauma, beba hela yako usepe.