Mchanga wa mto ni tangi la maji, na mlinzi wake ni kikundi

KWA mgeni, mto wa msimu Ukambani wakati wa kiangazi ni kama barabara ya mchanga. Ng'ombe huvuka bila kulowesha kwato. Hata hivyo, wenyeji wa Machakos, Makueni na Kitui wanajua kuna maji chini yake, ndiyo maana akina mama hufukua mashimo mtoni vidimbwi vinapokauka.

Ujuzi huo wa tangu jadi ndio ulio nyuma ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama mto, ukikalia mwamba. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga na matope. Mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, nayo matope mepesi hupita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja au misimu kadhaa, sehemu ya nyuma hujaa mchanga, na nafasi zilizo kati ya chembe zake hushika maji ya kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wote. Jua haliyakaushi upesi, mbu hawapati pa kutagia mayai, na mchanga wenyewe huyachuja.

Kuta za aina hii zilijengwa Ukambani hata kabla ya uhuru. Lakini zilienea wakulima wenyewe walipojipanga. Mwaka 1978, Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, Machakos, waliunda kikundi cha kujitafutia maji na chakula. Huko Kitui, shirika la SASOL, lililoanza kazi katika miaka ya 1990, lilishirikiana na wanavijiji kujenga zaidi ya mabwawa 500. Nguzo ya kazi hiyo ilikuwa mwethya, desturi ya Wakamba ya majirani kufanya kazi kwa zamu, ambapo wanawake ndio wengi.

Faida yake inaweza kupimwa kwa hesabu rahisi. Chukua mchanga wenye urefu wa mita 100, upana wa mita 20 na kina cha wastani cha mita 2. Huo ni ujazo wa mita 4,000. Ukishika maji asilimia 30, utapata lita milioni 1.2, yaani mitungi 60,000 ya lita 20. Familia 50, kila moja ikiteka mitungi mitano kwa siku, zingetumia maji hayo kwa siku 240. Ni kweli kwamba si yote yatatekwa, kwani mengine huzama ardhini. Lakini hata nusu yake inaweza kuvusha kijiji kutoka mvua za Machi hadi Mei mpaka zile za Oktoba hadi Desemba.

Kikundi kabla ya saruji

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kungoja mfadhili alete saruji, kisha watu waitwe kubeba mawe. Ukuta wa namna hiyo hukosa mwenyewe. Ukipata ufa, kila mtu humngoja aliyeujenga.

Njia iliyofaulu huanza na watu. Kikundi huchagua viongozi, huandika katiba na kujisajili. Wanachama hukubaliana siku za kazi na faini ya asiyefika. Kisha huonyesha bidii yao kwa kuchimba matuta ya fanya juu mashambani na kupanda nyasi kingoni. Kazi hiyo ni sehemu ya bwawa lenyewe, kwa sababu udongo unaomomonyoka mashambani ndio unaojaza bwawa matope badala ya mchanga. Wakati wa ujenzi wanachama hutoa mawe, mchanga, maji na nguvu zao, naye mfadhili huleta saruji, vyuma na fundi.

Kabla ya kuchimba msingi, kikundi kinapaswa kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ni vyema pia kujiunga na chama cha watumiaji maji cha mto husika. Vyama hivyo vilitambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002 na kuendelezwa na ile ya 2016. Humo wa juu na wa chini wa mto huketi pamoja kabla ugomvi haujazuka.

Sheria za matumizi nazo ziandikwe mapema. Mifugo inyweshwe upande wa chini ya ukuta, isichafue maji ya kunywa. Pampu za kumwagilia zipangiwe zamu, na kiangazi kikizidi maji ya nyumbani yatangulie. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hivyo mweka hazina asomee wanachama hesabu kila mkutano.

Malori ya mchanga

Hatari kubwa leo inatoka kwenye soko la ujenzi. Mchanga wa mito ya Machakos na Makueni unatakikana sana Nairobi, na ugomvi juu yake umewahi kumwaga damu. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, lakini afisa hawezi kukesha kwenye kila mto.

Hapa pia hesabu inasaidia. Lori la tani 7 hubeba takriban mita 4 za ujazo. Kwa kiwango kile cha asilimia 30, kila lori huondoka na nafasi ya mitungi 60 ya maji. Kijana anayelipwa kupakia hupata ujira wa siku moja, ilhali nafasi hiyo ingejaa maji tena kila msimu. Mchanga ukichotwa chini ya ukuta, msingi hubaki wazi na bwawa lote huweza kuanguka.

Kikundi kinachofaulu kuulinda mchanga ni kile kinachowapa vijana hao sababu ya kuulinda. Waliopata vipande vya kupanda sukumawiki, nyanya na vitunguu kando ya bwawa, au kuotesha miche ya miti ya kuuza, huwa macho ya kikundi malori yanapokuja usiku.

Kwa wanaotaka kuanza, mambo mawili hayana mjadala: mwamba upatikane karibu, na mto uwe unaleta mchanga wa chembe kubwa. Bila mwamba maji huvuja chini ya ukuta. Baada ya kila mafuriko, wanachama wakague kingo za pande zote mbili, kwani maji yakipata njia ya kuzunguka ukuta, msimu mmoja unatosha kuupoteza. Ukaguzi huo unahitaji watu wawili na saa moja tu.