Je, Wajua? Mchezo Ukikukolea

Je, wajua kwamba mtoto aliyeinamia simu, anayeitwa mara tatu asiitike, huenda hana kiburi hata kidogo? Mwaka 2015 watafiti wa University College London waliwapa watu kazi ya kutafuta herufi kwa macho huku sauti zikipigwa, wakawapima ubongo. Kazi ilipokuwa ngumu, ubongo uliitikia sauti kwa unyonge tangu hatua za mwanzo za kusikia. Macho na masikio yanateka kisima kimoja. Jicho likiteka sana, sikio linakuta matope. Wazazi, aya hii msiwasomee watoto.

Je, wajua kwamba Tetris ilizaliwa bila picha? Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, kompyuta iliyoonyesha maandishi tu, kwa hiyo matofali yake yalikuwa alama za mabano. Yanashuka, unayageuza, unayapanga. Mstari ukijaa, unatoweka. Hakuna shujaa wala adui. Hata hivyo, mtu anajiambia atacheza dakika tano, akija kuinua kichwa chai imepoa na maziwa yameganda utando juu.

Siri iko kwenye kasi: kadiri unavyoendelea, ndivyo matofali yanavyozidi kukukimbiza. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia ambaye hata jina lake halisomeki bila kutulia, alianza kuichunguza hali hii ya kuzama kwa wachoraji wa Chicago miaka ya 1960. Walipochora walisahau njaa na uchovu, lakini picha ikikamilika waliiegesha ukutani, wakageukia nyingine. Alichoona ni kwamba utamu ulikuwa kwenye kuchora kwenyewe, na huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtu. Ikiwa nyepesi, unapiga miayo. Ikikuzidi, unaingiwa na wasiwasi.

Bao la Kiswahili linafika hapohapo bila umeme. Mashimo 32, kete 64, na wakati wa namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji anaanza na kete 22 za akiba. Mgeni huhesabu kwa kidole. Fundi hulitupia shimo jicho moja, akajua kete ya mwisho itaangukia wapi, na kama itakula. Mimi kwenye bao ni mtazamaji tu, na bado nimeshapitwa na daladala mbili nikiwa nimechuchumaa pale.

Lakini la ajabu zaidi ni hili. Mwaka 2000 Robert Stickgold wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti ambao watu 27 walicheza Tetris kwa saa 7 katika siku 3. Wengi wao, walipoanza kusinzia, waliona matofali yakishuka. Miongoni mwa wale 27 walikuwemo watu 5 ambao sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya ilikuwa imeharibika. Walifundishwa mchezo upya kila mara, na aliyewafundisha walimwona mgeni. Usiku, watatu kati yao walisimulia maumbo yanayodondoka na kugeuka ubavu mbele ya macho yao. Yametoka wapi, hawakuweza kusema.